Bunduki ya Babu Haina Shida

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Itaka nikiwa na begi moja la nguo na sapu moja ya Upimaji na Tathmini. Ya sapu sikuisema. Mpango wangu ulikuwa kujifungia ndani nisome, halafu Septemba nirudi chuo nikaimalize kimyakimya kama vile haijawahi kutokea. Nilimkuta babu kibarazani, miguu juani, bunduki imelala magotini kwake kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja wakati mzuri. Bunduki imechoka."

Kuniita mke wake ni utani tu, kila mwenye babu anaujua. Bunduki yenyewe ni ya halali, ina kitabu chake, na kwenye ule uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 aliipeleka Vwawa mwenyewe ikakaguliwa. Ni BRNO ndogo ya .22 ya bolti, imetengenezwa Chekoslovakia, nchi ambayo siku hizi haipo hata kwenye ramani. Aliuziwa na bosi wake wa shamba la kahawa enzi hizo akiwa mlinzi. Kijijini kwetu ikitokea shida ya mnyama, watu huwa hawasemi "tumwite mzee," wanasema "iitwe bunduki."

Wiki mbili kabla sijafika iliitwa. Mbwa mwenye kichaa aliingia kitongojini asubuhi, udenda unamtoka, anatembea upandeupande kwenye njia ya wanafunzi. Babu akafika, akapiga goti, akafyatua mara mbili kwa umbali wa kama mita 40. Mbwa hakuguswa. Risasi ya pili ilipita uani kwa jirani ikatoboa ndoo ya maji. Hatua tatu kutoka kwenye ile ndoo alikuwa amekaa mtoto wa miaka minne anakula kiporo. Vijana wakammaliza mbwa kwa marungu.

Jirani hakuja kugomba. Alileta ndoo tu, akaiweka kibarazani, akaaga. Ilikuwa bado pale siku nafika, ina matundu mawili, la kuingilia na la kutokea.

Kwa hiyo babu alikuwa ameshaamua. Bunduki ifanyiwe marekebisho makubwa: mtutu mpya, kitako kipya, na darubini ya kulengea aliyoionyeshwa na baba mdogo kwenye simu. Fedha angepata kwa kuuza mtamba. Mtamba huyo, naomba ieleweke, ndiye aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya gharama zangu za mafunzo kwa vitendo, maana bumu langu mnalijua wenyewe. Sikuwa na ubavu wa kumwambia babu asiuze ng'ombe wake. Nikamwambia nasoma Fizikia na Hisabati, aniachie siku chache nijue kwanza ugonjwa ni nini kabla hatujanunua dawa.

"Haya, daktari," akasema. Alikuwa anafurahi.

Mimi sina leseni, na leseni ya silaha ni ya mtu, sio ya ukoo. Tukakubaliana yeye apige, mimi nipime. Tukamtaarifu mwenyekiti wa kitongoji ili watu wasishtuke. Nyuma ya shamba la kahawa kuna kichuguu kikubwa kinachozidi kimo cha mtu, udongo mgumu, hakipitishi kitu. Nikabandika karatasi ya daftari juu ya boksi mbele ya kichuguu, nikapima mita 25 kwa kamba, nikajaza mchanga kwenye mfuko wa sulfeti ili bunduki ilale juu yake isitikisike. Risasi tano, bila haraka.

Nilipoenda kuangalia karatasi nilicheka peke yangu. Kwenye somo nililofeli, mhadhiri alichora shabaha ubaoni. Vitone vitano vimekusanyika pamoja lakini pembeni: kipimo hicho ni thabiti ila si sahihi. Vitone vimetawanyika kila kona: hata uthabiti hakuna, na bila uthabiti usiongelee usahihi. Kwenye mtihani niliandika kinyume chake. Sasa lile swali lilikuwa mbele yangu, limetobolewa kwa risasi. Kutoka tundu la mbali upande huu hadi la mbali upande ule nilipima sentimita 19.

Kama matundu yangekaa pamoja pembeni, kazi ingekuwa ya dakika kumi: unasogeza vilengeo, umemaliza. Yakitawanyika hakuna cha kusogeza. Inabidi utafute kitu kinachobadilika kila risasi inapotoka, na hapo ndipo watu wanapoteza hela, wananunua kila kitu wakitegemea kwamba kimojawapo kitakuwa ndicho.

Tukaanza na vya bure. Babu alitoa bolti, akahakikisha ndani hakuna kitu, ndipo nikaishika. Skrubu za chini zinazobana chuma kwenye mti zilikuwa zimelegea, moja niliizungusha kwa kidole. Mti wa kitako umenywea kwa miaka mingi, chuma kinacheza, kila ukifyatua kinakaa mahali papya. Tukazikaza, sio kwa kukomoa, maana mti nao unapasuka. Kisha tukausafisha mtutu. Risasi ya .22 mara nyingi ni ya risasi tupu, namaanisha ile madini laini, na inaacha tabaka ndani ya mifereji inayoizungusha. Vitambaa vya kwanza vilitoka vyeusi kama masizi ya sufuria. Halafu nikachukua pamba nikaipitisha taratibu kwenye mdomo wa mtutu. Mdomo ndiyo sehemu ya mwisho kuigusa risasi, ukiwa na jeraha upande mmoja risasi inasukumwa kabla haijaanza safari. Jeraha likiwepo, pamba inanasa nyuzi. Haikunasa. Babu aliniangalia nafanya hayo yote hajasema neno, ila nilimwona anatabasamu.

Tukapiga tena. Sentimita 12. Babu akapiga makofi, akaagiza chai.

Zikabaki risasi zenyewe. Hizi ndogo hazina kile kitufe cha katikati ya kitako kama risasi za bunduki kubwa. Baruti ya kuwashia iko ndani ya ukingo wa ganda, pini inagonga ukingo. Kwa hiyo ukingo ukiwa na unyevu, au baruti haikuenea sawasawa, risasi moja inatoka na nguvu na nyingine inatoka na uvivu. Babu alikuwa na boksi la zamani, maganda yameota ukijani, na boksi jipya alilonunua kwa kibali. Nikafanya hesabu nyuma ya daftari: risasi inayotoka kwa mita 340 kwa sekunde, ikifika mita 50 imeshuka kama sentimita 10 na nusu, ya mita 320 imeshuka 12. Hapo sijaweka upinzani wa hewa. Tofauti ni sentimita moja na ushee. Kwa hiyo risasi mbovu zinaharibu, lakini haziwezi peke yake kuharibu kiasi kile, tena kwa mita 25 tu.

Boksi jipya likatupa sentimita 11.

Sasa hapo nikakwama. Bunduki ya aina hii ikiwa nzima, imelazwa kwenye mchanga, kwa umbali ule matundu matano unategemea yakaribie kugusana. Skrubu zimekazwa, mtutu msafi, mdomo mzima, risasi mpya, mchanga hautikisiki. Usiku nikawa nimelala naangalia bati, naondoa kitu kimoja kimoja kichwani. Kila nilichokiondoa kiliniacha na kitu kimoja ambacho sikuwa nimekipima, na sikutaka kukipima.

Wale mliopita JKT kwa mujibu wa sheria huenda mnalikumbuka zoezi la pembetatu. Halihitaji hata risasi. Bunduki tupu inalazwa kwenye mchanga, inabanwa, hairuhusiwi kuguswa. Mbele, kama hatua 12, kuna karatasi nyeupe kwenye boksi, na msaidizi ameshika kijiti chenye kiduara cheusi kilichotobolewa katikati. Wewe unaangalia kupitia vilengeo unamwelekeza: kushoto, chini, hapohapo. Ukiridhika anaweka kitone cha penseli kwenye tundu. Anaondoa kiduara, mnaanza upya. Vitone vitatu vinafanya pembetatu. Bunduki haikusogea, baruti haikuwaka, upepo hauhusiki. Ukubwa wa ile pembetatu ni wa jicho lako tu.

Asubuhi nikaliandaa, babu akatoa bolti akaiweka mfukoni. Mdogo wangu wa darasa la sita ndiye aliyeshika kijiti. Nikaanza mimi. Vitone vyangu vitatu ukiweka sarafu ya shilingi 200 juu, vyote vinafichwa.

Babu akalala kifudifudi. Alikaa muda mrefu. "Kulia. Kulia kidogo. Hapana, rudi. Hapo." Cha pili: "Juu... hapo." Kabla ya cha tatu aliinua kichwa akapangusa macho kwa mkono wa shati, akarudi. "Kijana, kiduara umekiweka?" Kilikuwa kimewekwa. Mdogo wangu aliniangalia, nikamfanyia ishara anyamaze.

Vitone vya babu sikuweza kuvifunika kwa kiganja changu.

Nikamruhusu mtoto akacheze. Babu alibaki amekaa chini, anafuta mchanga kwenye viwiko. Nilikuwa na karatasi mbili mkononi na sikujua nianzie wapi. Mwalimu mtarajiwa, mwaka wa tatu, nimefundishwa mbinu za kutoa mrejesho kwa mwanafunzi, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kumwambia mzee aliyekubeba mgongoni kwamba ile ndoo hakuitoboa bunduki.

Basi nikamwambia cha kwangu kwanza. Nikamwambia babu, nimepata sapu. Hata mama hajui. Nilifeli swali la vitone, hivihivi kama hivi, nikaandika kwamba kosa liko kwenye kipimo wakati liko kwingine.

Akanyosha mkono nimpe karatasi. Ya kwangu akaisogeza hadi karibu kabisa na pua. Halafu ya kwake. Alizibadilisha mara mbili tatu.

"Hii ndogo ndiyo yako?"

"Ndiyo, babu."

"Bunduki ileile?"

"Ileile. Haijaguswa."

Akakaa kimya. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba tangu msimu wa kuchuma amekuwa hazioni vizuri kahawa mbivu. Nyekundu na mbichi zimekuwa za rangi moja, kama vile kuna moshi katikati. Anachuma kwa kubonyeza na vidole. Alidhani anaficha vizuri, maana kikapu chake kikifika kwenye mashine hakina mbichi hata moja. Baadaye nilimuuliza bibi. Bibi alikuwa anakichambua upya kikapu cha mumewe kila jioni jikoni, kwa mwanga wa koroboi, tangu Juni. Na hakumwambia mtu.

"Yule mtoto," babu akasema, "nilimwona baada ya kufyatua. Kabla sikumwona."

Siku hiyo hakula mchana. Mimi nilikuwa na hasira, na mpaka leo sijui vizuri nilimkasirikia nani. Labda mimi mwenyewe, maana siku zote zile za skrubu na pamba nilifurahia kuwa daktari, na mara ya kwanza kabisa aliponiuliza karatasi iko wapi, ikiwa mita 25 mbele yake, nilidhani anatania.

Mtamba hakwenda kwenye darubini. Baba mdogo alikasirika kidogo, akasema darubini ingesaidia kukuza. Nikamweleza kwamba dirisha lenye ukungu hulisafishi kwa kununua miwani. Aliyempima babu kwenye kliniki ya macho alisema ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa zaidi, na kwamba linafanyiwa upasuaji. Babu akauliza atakaa muda gani bila kuruhusiwa kuinama shambani. Swali lingine hakuwa nalo.

Kabla ya tarehe ya upasuaji alitaka jambo moja limalizwe. Akaifunga bunduki kwenye kitenge cha bibi, bolti akaitia mfuko mwingine, kitabu cha leseni akakiweka kwenye nailoni. Tukapanda bodaboda mbili mpaka Mlowo, halafu gari la Vwawa. Njiani hakuongea. Polisi, kijana wa umri wangu, alimwamkia vizuri akatoa daftari. Aina ya silaha. Namba. Jina la mmiliki. Babu alijibu yote kwa kichwa, namba anaijua kama jina la mtoto wake.

"Sababu ya kuikabidhi, mzee? Niandike mbovu?"

"Hapana," babu akasema, akaegemea kaunta. "Andika bunduki haina shida. Mjukuu wangu ameipima."