Tiketi Yasema Saa Saba



Tiketi ya ndege ina desturi inayowababaisha wazazi wengi: saa ya kuondoka huandikwa kwa wakati wa mji wa kuondokea, na saa ya kufika kwa wakati wa mji wa kufikia. Baina ya Mombasa na Nairobi haidhuru kitu. Lakini tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka kutoka Nairobi hadi New York bila kutua njiani, desturi hiyo imeingia majumbani mwetu.

Tuliyaona hayo Silibwet, Bomet, katika nchi ya chai, tulikoalikwa kutoa darsa. Mwenyeji wetu, mama mzaliwa wa Lamu aliyeolewa bara, alikuwa ameagana na bintiye mwezi wa Januari. Tiketi ilisema: kuondoka saa tano na nusu usiku, kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama akahesabu kwa vidole, akapata saa saba. Akaswali Alfajiri, akaiweka simu mapajani. Jua likapanda juu ya michai, wachumaji wakaingia shambani na vikapu vyao, simu kimya. Kufikia saa nne alikuwa akilia na majirani wameanza kukusanyika, maana ukimya wa namna hiyo watu huujaza kwa mambo ya kutisha.

Tukaiomba ile tiketi. Mwezi wa Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, tofauti hubaki 7. Saba na nane ni 15, na huo ndio muda wa kukata takriban kilomita 11,800 za bara na Bahari ya Atlantiki. Binti angetua saa nane na nusu mchana kwa saa ya Silibwet. Mama akafuta macho, akatuuliza kama tuna hakika. (Tulikuwa nayo, lakini tulihesabu tena.) Ujumbe uliingia karibu na saa tisa.

Kurudi huchukua kama saa 14. Huko juu ya Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki; ndege inayorudi husukumwa nao, inayokwenda hupambana nao. Manahodha wetu wa zamani wasingeshangaa: walikwenda Maskati kwa kusi wakarudi kwa kaskazi, wala hawakumwahidi mtu saa ya kufika.

Ndipo mama akauliza: binti akirudi Ramadhani, afuturu kwa saa ya wapi? Wanazuoni wamejibu kwamba aliyefunga hufuata jua analoliona mwenyewe pale angani, si saa ya mkononi wala ya mji ulio chini yake. Akiondoka New York adhuhuri kuelekea mashariki, jua humtulia mapema. Anayeruka mchana kuelekea magharibi, jua huwa kama limekataa kuzama, na saumu ikarefuka mno. Hata hivyo msafiri ana ruhusa ya kula, akalipa siku hizo baadaye. Mama aliipokea ruhusa hiyo kwa furaha, ila alituambia kuwa bintiye hataitumia.