Baada ya sindano ya mwisho

Hapa Finland mtoto anaanza shule wauguzi na walimu wakiwa wameshazungumza habari zake kwa miaka. Kliniki yao ya mama na mtoto, neuvola, ilianzia Helsinki mwaka 1922 kwa juhudi za daktari wa watoto Arvo Ylppö, na sheria ya 1944 iliitaka kila halmashauri iwe nayo. Ni bure, na mtoto anaendelea kuhudhuria mpaka anapoanza shule.

Kilichonigusa ni uchunguzi wa miaka minne. Kabla ya siku yenyewe, mwalimu wa chekechea alikaa nami tukajaza fomu: mtoto anachezaje na wenzake, akiitwa kwa nyuma anageuka, penseli anaishikaje, chakula anamaliza? Nikatia saini fomu ipelekwe kliniki. Muuguzi aliisoma kwanza, ndipo akamsimamisha mwanangu kwa mguu mmoja, akamziba jicho na kumwonyesha picha ukutani, akampa mkasi akate karatasi. Alipoona matamshi yanamsumbua, alimwandikia aonwe na mtaalamu, na mwalimu akapewa mazoezi ya kufanya naye chekechea.

Kwetu Tanzania kliniki tunaijua vizuri. Alfajiri mama yuko kwenye benchi la zahanati, kadi mkononi. Mtoto anavalishwa kaptula ya mizani, ananing'inizwa akilia, nesi anaweka nukta kwenye kadi, na mama anachungulia kama bado iko kwenye kijani. Kazi hiyo imeokoa watoto wengi. Ila chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na baada ya hapo akina mama wengi hawarudi, ingawa kadi ina nafasi hadi miaka mitano. Siwalaumu. Nani afunge genge siku nzima kwa ajili ya uzito tu? Matone ya vitamini A na dawa za minyoo humfikia mtoto mara mbili kwa mwaka, lakini hakuna anayekaa naye amsikilize anavyoongea mpaka siku ya kuandikishwa darasa la awali.

Na miaka hiyo ndiyo yenye mambo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Sikio linatoa usaha, linaachwa. Mtoto akifika darasani hasikii vizuri, anaambiwa ni mzito wa kuelewa. Inaniuma, kwa sababu mwalimu angeambiwa mapema, angalau angemketisha mbele.

Mtu ataniambia Finland ni tajiri. Basi tutazame Jamaica. Mjini Kingston, miaka ya 1980, wahudumu wa afya walikuwa wakiwatembelea kila wiki watoto waliodumaa, wakiwa na midoli ya kutengeneza nyumbani, na kuwaonyesha mama zao namna ya kucheza na kuzungumza nao. Miaka 20 baadaye watoto hao walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakupata huduma hiyo.

Sisi mpango tunao. Desemba 2021 ilizinduliwa programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayounganisha afya, lishe, ujifunzaji, malezi na ulinzi. Ugumu uko chini: zahanati ni ya watu wa afya, kituo cha kulelea watoto mchana kiko kwa ustawi wa jamii, darasa la awali liko kwa watu wa elimu, na kila mmoja ana daftari lake.

Dada yangu ni mjumbe wa kamati ya shule huko Mbeya. Alipomwandikisha mwanawe awali, kadi ya kliniki ilitazamwa tarehe ya kuzaliwa, akarudishiwa. Nimemwomba apeleke hoja mbili kikaoni: mwalimu wa awali awe na ukurasa wa kumwandikia nesi anayoyaona kwa kila mtoto, na nesi, ambaye zahanati yake iko ng'ambo ya barabara tu, aje darasani kila muhula na mizani na chati ya macho. Mwalimu mkuu ameshakubali. Anayesubiriwa sasa ni mganga mfawidhi.