Chai ya Misigiri haidai sukari

Ukitoka Singida kwenda Nzega, kabla hujaanza kuteremka mlima Sekenke, unafika Misigiri, njia panda ya Kiomboi. Abiria wengi hupaona dirishani tu, basi likiondoka wameshapasahau. Poleni sana, maana mmekosa chai.

Sisemi ile ya hotelini, iliyochemka tangu alfajiri mpaka ikawa chungu kama shubiri, halafu ikamiminiwa sukari kuficha aibu. Nasema ya nyumbani. Mwenyeji wangu, mama wa Kinyiramba, anatwanga tangawizi mbichi, anakunja mchaichai aliouchuma nyuma ya jiko, anachemsha vyote na maji mpaka harufu ikufuate sebuleni. Sufuria ikishaepuliwa ndipo anatia majani ya chai, kidogo tu, anafunika. Dakika tatu hivi, anachuja.

"Mwanangu, majani ya chai hayapikwi kama maharage," akaniambia.

Nikaulizia sukari. Akacheka! Mwaka 2024 sukari ilipoadimika nchini na bei kupaa, aliachana nayo akahamia kwenye asali, ambayo Singida ipo ya kutosha. Nayo haichemshwi: chai ipoe kidogo, kila mtu ajitilie kikombeni. Watoto walinuna wiki nzima. Sasa sukari ipo dukani, ila wao ndio hawaitaki.

Majani yanatoka mbali, Mufindi na Rungwe kwenye mvua. Mchaichai ni wa bure: shina la kuomba kwa jirani na maji yaliyooshea vyombo, basi. Na mimi nikabeba shina langu, limeviringishwa gazetini. Kondakta akataka kulitoza nauli!