MBEGU YA KOKO

Wandugu wanafunzi, wakati wa vakanse tulikuta mbika ndani ya kibuyu, jikoni kwa koko. Sisi wakubwa wa mwaka wa sita, wenye kusoma biolojia, tukazikaanga na kuzikula zote. Koko akasema polepole: «Wajukuu, ile ilikuwa ya kupanda.» Tukapata haya.

Mbika ni ndugu ya matikiti. Nyama yake hatuikuli. Tunaacha tunda lioze, tunasafisha mbegu, tunazianika, tunazimenya, tunazitwanga na pilipili na chumvi, tunazipika ndani ya majani. Mbegu ya mwaka huu inatoka katika mavuno ya mwaka jana. Ukiimaliza, urithi wa wazee umekatika.

Koko aliomba kikombe kimoja kwa jirani. Sisi tukashika jembe, tukapanda kati ya mahindi. Basi wandugu, tutenge kwanza ya kupanda, kisha tukule.