Khabari ya Uzazi Nayo Yataka Sanadi

Kina mama wa darsani kwangu huniuliza khabari za uzazi kuliko za mirathi, na kila aulizaye huwa keshachagua jawabu aitakayo. Huyu ataka niseme kuwa ya wazee yote ni kheri, yule ataka niseme kuwa ya hospitali yote ni hakika. Wote nawasomea orodha moja.

Mwaka 1989 wanavyuoni wa tiba, Iain Chalmers, Murray Enkin na Marc Keirse, pamoja na wenzao wengi, walitoa kitabu cha mijalada miwili juu ya uzazi, na mukhtasari wake. Walikusanya hasa majaribio ya kura, ambayo daktari hachagui mama gani apewe dawa na yupi asipewe. Kisha wakayapanga mambo mafungu manne: yenye manufaa, yenye matumaini, yasiyojulikana, na yafaayo kuachwa. Sisi tuliosoma hadithi twaijua kazi hii. Imam Tirmidhi huitaja hadithi kisha akabainisha daraja yake papo hapo.

Sasa tazameni. Katika ya kuachwa yalikuwamo mazoea ya hospitali zenyewe: kumnyoa kila mzazi, kumpiga bomba, na kumchana pasi na haja (wala katika kujifunza hakuna haya). Na katika yenye manufaa limo la wazee wetu, mama kuwa na mtu wa kumliwaza wakati wa uchungu. Hapo kina mama hupiga vigelegele. Lakini akomaye hapo ni mpunja mizani. Orodha ile ile yaitaja sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto njiti, ambayo jaribio lake lilitoka Nyuzilandi mwaka 1972. Huokoa roho, na kwa mkunga wa mtaani haipo. Tena dang'a, ambayo wengine huimwaga, ni kinga ya mtoto. Na kinyesi cha ng'ombe juu ya kitovu huleta pepopunda.

Bibi mmoja alinikabili: "Sheikh, watuvunjia heshima ya wazee."

Nikamwambia: "Bibi, wazee ndio waliotufundisha kuuliza, nani kasema, naye kaipata kwa nani?"

Akanyamaza, kisha akauliza kama ataruhusiwa kuingia na mkaza mwanawe chumba cha kuzalia. Nikamjibu kuwa Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza mzazi awe na mwenzi amtakaye, basi aende akaulize mapema, kwani kila hospitali ina bawabu wake.