Hakuna Anayeposti Choo

Kuna picha yangu kwenye daraja la Galata, Istanbul, nimecheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Mliipenda sana, wengine mkasema naishi maisha. Ukweli ni kwamba hapo nilikuwa nimebana mkojo karibu masaa matatu. Hiyo haikuwa furaha, ilikuwa maumivu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, nikaanza kazi za kuhariri video, nikaweka doh ya hiyo safari kidogo kidogo. Nilipanga kila kitu: tiketi, hosteli, misikiti ya kutembelea, hata mahali pa kurekodi jua likizama. Kitu kimoja tu sikupanga. Nitaenda choo wapi?

Siku ya kwanza nikaingia mkahawa, nikaambiwa choo ni cha wateja. Sawa, nikanunua chai, nikatumia choo. Nusu saa baadaye hiyo chai nayo inataka kutoka. Unaona hiyo hesabu? Kwa hivyo siku ya pili nikaamua sinywi maji. Jua la Agosti, natembea tangu asubuhi, na chupa imejaa kwa begi. Nilijiona mjanja.

Siku ya tatu, ile ya picha, mwili ulikataa. Nilivuka daraja hadi Eminönü nikitembea kama mtu amebeba mayai. Kando ya msikiti nikaona WC na milango miwili: BAY na BAYAN. Nikadhani BAY ni kifupi cha ile nyingine, nikaingiza kichwa. Wazee watatu waliokuwa wananawa mikono wakageuka pamoja. Kumbe Bay ni wanaume, Bayan ni wanawake. Herufi mbili tu, manze!

Upande wa wanawake unalipa ndio uingie. Nilikuwa na noti ya lira 200 pekee, na mhudumu hakuwa na chenji. Nilisimama hapo machozi yakinilengalenga. Mama mmoja wa hijabu, nyuma yangu, akanilipia kwa sarafu zake, akanisukuma polepole nipite. Nilipotoka nikamwonyesha ile noti. Akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hatukuelewana hata neno moja.

Nilirudi Nairobi na kitu kingine ambacho sikuposti: maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari aliuliza kwanza, "Ulikuwa unakunywa maji?" Nikaangalia sakafu.

Sasa, siwalaumu Waturuki. Hata hapa kwetu nimekua nikilipa ashu au mbao nikitaka choo tao. Na najua madem wengi wanaoshinda na kiu mpaka jioni kwa sababu kazini au stejini choo hakiingiliki. Jamaa anaweza kutafuta ukuta. Sisi tunabana, halafu tunajifanya tuko sawa. Nimebana hivyo tangu shule ya msingi, Istanbul nilienda tu kuendeleza. Tena nilikuwa naona aibu kuuliza, kama vile mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kukojoa.

Kwa hivyo ukisafiri, jifunze kuulizia choo kabla hujajifunza kusema asante. Kule ni "Tuvalet nerede?" Weka sarafu kwa mfuko wake, na tishu kwa begi. Tafuta misikiti: watu hutia udhu kabla ya kuswali, kwa hivyo mingi ina maji na vyoo karibu. Ndani ya bakuli utakuta kibomba kidogo cha kujisafisha. Mtu wa Mombasa hatashangaa, wewe wa Nairobi utazoea. Na kunywa maji, tafadhali.

Ile picha sitaifuta. Lakini safari ijayo nitawaonyesha na vyoo, na mkoba wangu utakuwa na sarafu za ziada. Lazima kuna dem mwingine atakayesimama mlangoni na noti kubwa mkononi.