Mkoba wa Mgongoni: Tazama Mshono Kabla ya Rangi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutumika kumkemea mvivu ambaye kila siku ana kisingizio: leo mpini ni mfupi, kesho jembe ni butu. Mama mkwe wangu, anayeishi na familia yangu huko Ndalambo, aliitumia Januari moja juu ya mkoba wa shule wa mjukuu wake, aliyekuwa akiingia kidato cha kwanza. Mimi hufanya kazi Tunduma juma zima na kurudi nyumbani Jumamosi, kwa hiyo nilikuta shauri limekwisha pamba moto.

Ndugu msomaji, shauri lenyewe halikuwa dogo. Januari katika wilaya yetu ya Momba ni mwezi wa mambo mawili yasiyongoja. Shule hufunguliwa, na mahindi shambani hudai mbolea ya kukuzia. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa tangu Januari 2016, nayo ni nafuu kubwa. Lakini sare, madaftari na mkoba vimebaki juu ya mzazi. Mke wangu alitaka mkoba imara ambao ungemfikisha binti yetu kidato cha nne. Bibi alisema mkoba wowote ni mkoba, ununuliwe wa bei ndogo na fedha iende shambani.

Hapo zamani pengine Bibi angeshinda bila mabishano. Watoto walibeba madaftari kwapani, au katika mfuko ulioshonwa na mama kwa kitambaa cha kaki. Baadaye ulikuja mfuko wa rambo, uliotumika hadi tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini kote. Siku hizi mkoba wa mgongoni, ambao waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa huuita shanta, si pambo tena. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na daftari lililolowa haliwezi kusomwa usiku wa kuamkia mtihani.

Mke wangu alileta hesabu. Tuseme mkoba wa shilingi 10,000 hudumu muhula mmoja. Mwaka una mihula miwili, na kidato cha nne kiko miaka minne mbele. Hiyo ni mikoba minane, shilingi 80,000. Tuseme tena mkoba wa shilingi 30,000 hudumu miaka yote minne. Ni nani basi aliyenunua kwa bei ndogo? Rahisi huvunja upishi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa utulivu: "Hesabu yako ni nzuri, mwanangu, lakini hizo 30,000 zinatakiwa leo, na mbolea inatakiwa leo." Wala hakukosea. Mwenye kipato kidogo hajui tu kwamba kitu imara ni nafuu. Anajua pia kwamba unafuu huo hudai fedha zote kwa mkupuo mmoja.

Nilikwenda kumwuliza fundi viatu mmoja wa Tunduma, ambaye hushona mikoba ya wasafiri na wabeba mizigo wa pande zote mbili za mpaka. Yeye huiona mikoba siku ya kufa kwake, na kwa hiyo anajua maradhi yake. Aliniambia kwamba mkoba hauharibiki tumboni, huharibikia mabegani. Ugeuze ndani nje dukani, utazame mahali mkanda unapoungana na mgongo. Ukiona mkanda umeingizwa ndani ya mshono na kushonwa mraba wenye msalaba katikati, huo ni mkoba. Ukiona mstari mmoja tu wa uzi, mwachie mwenye duka.

Jambo la pili ni zipu. Ifungue na kuifunga mara kumi, hasa kwenye kona, kwa maana huko ndiko inakokwama. Mara nyingi meno huwa mazima, kilicholegea ni kichwa chake, na fundi hukibana kwa koleo. Zipu iliyoshikwa na vumbi hupakwa nta ya mshumaa.

Tatu ni kitambaa. Unene wa nyuzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Mkoba ulioandikwa 600D una nyuzi nene kuliko ulioandikwa 300D, lakini namba hiyo haisemi lolote juu ya mshono. Tazama pia kitako kama kina kitambaa cha pili, na kingo za ndani kama zimefungwa kwa utepe zisichanike nyuzi.

Nne ni ukubwa. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mzigo usizidi kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 40 basi abebe kilo 4 hadi 8, wala si zaidi. Mkoba mkubwa mno hualika mzigo mkubwa mno. Mfanyakazi apandaye basi alfajiri na chakula chake na sweta naye afikirie vivyo hivyo.

Shauri letu liliishaje? Mbolea ilinunuliwa. Mkoba wa zamani wa binti yetu ulipelekwa kwa fundi, ukashonwa mabegani kwa uzi wa nailoni na kutiwa kiraka kitakoni, naye akaanza nao kidato cha kwanza katikati ya wenzake wenye mikoba mipya. Hakulalamika, ingawa siku ya kwanza aliuvaa kiraka kikiwa upande wa mgongo. Mahindi yalipouzwa, Bibi mwenyewe ndiye aliyetoa fedha za mkoba imara. Tuliununua baada ya mavuno, madukani pasipo msongamano wa Januari, na siku ile ile fundi akaongeza mshono kwenye ncha zote nne za mikanda kabla haujabeba daftari hata moja.

Wazazi wenzangu, mwenye fedha chache ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuchagua. Asiye nazo leo asione haya kushona cha zamani na kutenga kidogo kidogo mpaka msimu wa mavuno. Naye Bibi bado anasema mchagua jembe si mkulima. Ila siku tuliponunua, yeye ndiye aliyeugeuza mkoba ndani nje na kuvuta mkanda kwa nguvu zake zote, mwenye duka akimtazama kwa wasiwasi.